Kwa Nini Presha Hushuka Katikati ya Dialisisi, na Namna ya Kukitafuta Chanzo Chake

Mara nyingi mambo huanza na miayo. Mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri na jirani yake hunyamaza, hupiga miayo mara mbili tatu, hujifuta jasho kwenye paji la uso ingawa chumba kina baridi, kisha husema kwa sauti ya chini kwamba tumbo linamchafuka. Muuguzi mzoefu akiyaona hayo hasubiri mashine ipige kengele. Huipima presha saa ileile, na si ajabu akakuta namba ya juu iliyokuwa 130 saa moja iliyopita imekwishafika 85.

Kushuka kwa shinikizo la damu, au presha kama wengi tunavyoiita, ni miongoni mwa matatizo yanayowapata mara nyingi zaidi watu wanaosafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa presha imeshuka pale namba ya juu inapopungua kwa 20 au zaidi kuliko ilivyokuwa mwanzoni na mgonjwa akawa na dalili, na namba hiyo ikienda chini ya 90 jambo huchukuliwa kwa uzito zaidi. Kwa kuwa hutokea mara nyingi, limezoeleka, na wagonjwa wengi huambiwa, au hujiambia wenyewe, kwamba ndivyo dialisisi ilivyo. Mimi sikubaliani na mazoea hayo. Presha inaposhuka, moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha kwa dakika kadhaa, na hali hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki misuli ya moyo hudhoofika. Ubongo na utumbo huathirika pia, fistula, yaani mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, inaweza kuganda kwa sababu damu inapita polepole, mkojo kidogo uliobaki hupotea mapema, na matibabu yanayokatizwa kabla ya wakati huacha sumu na maji mwilini. Kila mara presha inaposhuka kuna chanzo, pengine zaidi ya kimoja, na vyanzo vingi vinaweza kupatikana iwapo mgonjwa, jamaa zake, muuguzi na daktari watavitafuta kwa utaratibu.

La kufanya papo hapo

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, jasho la ghafla, macho kuingia giza, masikio kuvuma, misuli ya mguu kukakamaa, au hata kutotulia tu usikoweza kukueleza, mwite muuguzi mara moja. Usione haya na usingoje uone kama itapita, kwani wapo wanaopoteza fahamu dakika chache tu baada ya dalili ya kwanza. Wapo pia ambao presha yao hushuka bila dalili yoyote, na ndiyo maana inapaswa kupimwa mara kwa mara muda wote wa matibabu, kwa kawaida kila nusu saa, na kwa karibu zaidi kwa mtu ambaye huwa inamshuka.

Muuguzi atasimamisha kwanza uondoaji wa maji, atakilaza kiti na kuinua miguu yako, atapima presha upya, na ikihitajika atakuongezea mililita 100 hadi 250 za dripu ya maji ya chumvi. Atapima sukari pia, hasa kama una kisukari, kwa sababu sukari ikishuka huleta jasho na kizunguzungu kinachofanana kabisa na hiki. Kama kifua kinauma, kama pumzi inakata, kama unatetemeka kwa baridi kali au mwili umeanza kuwasha, liseme hilo kabla ya jingine lolote, maana hapo huenda chanzo si maji hata kidogo, nami nitalirudia jambo hilo huko mbele.

Mwili unavyojitahidi kuishikilia presha

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu, na kati ya hizo karibu lita 3 ni plazma, yaani sehemu ya majimaji inayobeba chembe za damu. Katika saa 4 mashine inaweza kuondoa lita 2, 3 au hata zaidi. Kama maji hayo yote yangetoka kwenye damu iliyomo mishipani bila kurudishiwa, hakuna ambaye angeyamaliza matibabu. Kinachotuokoa ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziada haimo ndani ya mishipa bali imetuama nje yake, kwenye nyama za mwili, miguuni, mgongoni, wakati mwingine mapafuni, na kadiri mashine inavyoyatoa maji kwenye damu ndivyo yale ya nje yanavyopenya taratibu kuingia mishipani na kuziba pengo. Ni kama kisima: ukichota kwa kasi inayolingana na chemchemi, maji hayapungui, ukichota kwa kasi kuipita, ndoo itagonga tope hata kama ardhi yote inayokizunguka imelowa.

Pengo linapotokea, mwili una njia mbili zaidi za kujitetea. Mishipa midogo ya damu hujikaza ili damu iliyobaki isambazwe kwa msukumo wa kutosha, na moyo huongeza mapigo na nguvu za kusukuma. Kwa hiyo unapotafuta chanzo, jiulize maswali matatu: je, maji yanaondolewa kwa kasi kuliko yanavyojaziwa, je, kuna kitu kinachoizuia mishipa kujikaza, na je, moyo una uwezo wa kuitikia? Vyanzo vingi nitakavyovitaja hapa huanguka chini ya mojawapo ya maswali hayo, na mgonjwa ambaye presha yake haimtulii kabisa kwa kawaida ana jibu baya katika mawili au yote matatu.

Anza kwa kuandika saa

Nunua daftari dogo, na kila siku ya dialisisi andika uzito wako kabla na baada, kiasi cha maji kilichoondolewa, muda uliokaa kwenye mashine, presha ya mwanzo, presha ya chini kabisa iliyofikiwa na saa ilipofikiwa, dawa ulizomeza siku hiyo na saa ulizozimeza, na kama ulikula. Kituo kinatunza rekodi zake, hilo ni kweli, lakini fomu za kituo hukaa kurasa kwa kurasa ndani ya faili, ilhali daftari lako linaonyesha majuma manne kwa mtazamo mmoja.

Katika yote hayo, saa ya kushuka ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Presha inayoshuka ndani ya dakika 30 za kwanza, kabla maji ya maana hayajaondolewa, haiwezi kulaumiwa kwa kasi ya uondoaji; hapo daktari atafikiria dawa zilizomezwa asubuhi, moyo, maambukizi, au mwili kulikataa chujio la mashine linalosafisha damu. Inayoshuka katikati ya matibabu muda mfupi baada ya mlo inaelekeza kwenye mlo. Inayoshuka katika saa ya mwisho, ikiambatana na misuli kukakamaa, kwa kawaida inasema kwamba maji yanaondolewa kwa kasi mno au kwamba uzito mkavu uliowekwa, yaani uzito unaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakiisha, uko chini kuliko ule wa kweli. Si kanuni isiyovunjika, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kasi ya kuondoa maji

Hiki ndicho chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko vingine, na ndicho ambacho mgonjwa mwenyewe anaweza kukifanyia hesabu. Chukua kiasi cha maji kitakachoondolewa kwa mililita, gawanya kwa saa za matibabu, kisha gawanya kwa uzito wako mkavu kwa kilo. Jibu likizidi mililita 13 kwa kila kilo kwa kila saa, kasi hiyo inachukuliwa kuwa ya hatari, na madaktari wengi hupendelea isizidi 10 kwa wazee na wenye moyo dhaifu.

Tuseme uzito wako mkavu ni kilo 60, nawe umefika ukiwa na kilo 63.6. Utaondolewa lita 3.6, na juu yake kama lita 0.4 za kufidia utakachokunywa kwenye kiti pamoja na maji ya kurudishia damu mwishoni, jumla lita 4. Kwa saa 4 ni mililita 1,000 kila saa. Ukigawanya kwa 60 unapata karibu 16.7. Hapo presha ikishuka si jambo la kushangaza. Kwa mzigo uleule, ukikaa saa 5 kasi inashuka hadi 13.3. Na kama ungekuja umeongezeka kilo 2.4 tu, yaani asilimia 4 ya uzito wako mkavu, hata kwa saa 4 ungekuwa kwenye 11.7.

Kwa hiyo dawa ya chanzo hiki ni mbili, na ya kwanza ni muda. Najua hakuna anayependa kuambiwa aongeze nusu saa kwenye kiti, na najua vituo vina zamu zinazobana. Hata hivyo, kama kuna ombi moja linalostahili kurudiwa mbele ya daktari mpaka lisikilizwe, basi ni hili la kuongezewa muda, au kuongezewa siku ya nne katika wiki yenye mzigo mkubwa. Zingatia pia kwamba anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki ana pengo moja la siku mbili kamili bila mashine, na siku inayofuata pengo hilo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote.

Dawa ya pili ni kupunguza chumvi, na chumvi naitaja kabla ya maji kwa makusudi. Mgonjwa huambiwa anywe maji kidogo, akajikaza, akashindwa, akajiona hana nidhamu. Lakini kiu si ukosefu wa nidhamu. Maji ya mwilini nje ya chembe yana takribani gramu 9 za chumvi katika kila lita, na mwili hulinda uwiano huo kwa nguvu zake zote, hivyo kila gramu 9 za chumvi ulizokula zitakudai lita nzima ya maji, nawe utayanywa upende usipende. Lengo linalokubalika kwa watu wengi wa dialisisi ni kutozidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, ukijumlisha ile iliyomo tayari ndani ya vyakula vya makopo, vya pakiti, na vile vilivyokaushwa au kuhifadhiwa kwa chumvi. Punguza chumvi kwanza, na utaona kiu inakupungukia yenyewe. Mwenye kisukari aangalie pia sukari yake, kwa kuwa sukari iliyopanda huleta kiu ileile.

Kama bado unapata mkojo, ulinde kama mali. Kila mililita unayokojoa ni mililita ambayo mashine haitalazimika kuivuta. Muulize daktari kama furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, ingekufaa, na usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyingine za maumivu za kundi hilo bila idhini yake, kwa sababu huweza kuikausha figo iliyobaki.

Kosa dogo la mizani

Jambo hili ni jepesi hata watu hulidharau. Ukipimwa ukiwa umevaa koti zito, viatu, na simu mfukoni, vitu vyenye uzito wa kilo 1 kwa pamoja, na safari iliyopita ulipimwa bila hivyo, mashine itaagizwa kuondoa lita 1 ambayo haimo mwilini mwako. Lita hiyo itatoka kwenye damu. Vaa nguo zenye uzito unaofanana kila mara, pimwa kwenye mizani ileile, na kama unatumia kiti cha magurudumu hakikisha uzito wa kiti umetolewa. Namba ikikushangaza, sema, pimwa tena kabla sindano hazijaingia.

Uzito mkavu unaohama

Uzito mkavu ni ule ambao mtu anapaswa kuwa nao maji ya ziada yakiisha: hajavimba, anapumua vizuri akilala chali, na presha yake iko sawa. Tatizo ni kwamba huandikwa kwenye faili kama namba ya kudumu ilhali mwili unabadilika. Mtu aliyeanza dialisisi akiwa amekonda kwa sumu na kukosa hamu ya kula, baada ya miezi michache huanza kula na kurudisha mwili. Kilo 2 alizoongeza ni za nyama na mafuta, lakini mashine haijui hivyo. Inazihesabu kuwa ni maji na kuzivuta. Hapo ndipo presha huanza kushuka saa ya mwisho, misuli ya miguu inakakamaa, sauti inakauka, na mtu anarudi nyumbani akiwa hoi mpaka kesho yake. Ukiwa na dalili hizo, na miguu haijavimba, na hamu ya kula imekuwa nzuri wiki za karibuni, mwombe daktari auangalie upya uzito wako mkavu. Kwa kawaida huupandisha kidogo kidogo, kwa mfano gramu 200 hadi 500 kwa wakati mmoja, na kuangalia matokeo.

Hata hivyo hapa pana mtego, na nimeona uzito mkavu ukipandishwa kwa haraka mno kila presha iliposhuka. Kumbuka kile kisima: mtu anaweza kuwa na maji mengi mwilini, amevimba, mapafu yamelowa, na bado presha ikashuka kwa sababu tu kasi ya kuvuta imeipita kasi ya kujaziwa. Mtu wa namna hii anahitaji muda zaidi kwenye mashine. Ukiupandisha uzito wake mkavu, presha itatulia siku mbili tatu, kisha usiku mmoja ataamka akitafuta pumzi. Daktari anaweza kuwatofautisha wawili hawa kwa kuwapima vizuri, kwa altrasaundi ya mapafu, au kwa kifaa kinachopima maji ya mwili kwa umeme hafifu pale kinapopatikana.

Kinyume chake hutokea baada ya kulazwa au kuugua kwa muda mrefu. Mtu hupoteza nyama, maji yakachukua nafasi yake, na mizani ikabaki ikisoma kilo zilezile. Kwake uzito mkavu unapaswa kushushwa. Umwambie daktari juu ya kila ugonjwa uliokukuta kati ya miadi moja na nyingine, hata kama ulishapona.

Dawa za presha na saa ya kuzimeza

Wagonjwa wengi wa figo wana presha ya kupanda, na dawa walizopewa kuishusha hazijui kwamba leo ni siku ya mashine. Dawa zinazolegeza mishipa, kama vile amlodipini, nifedipini, haidralazini, prazosini na zile za naitreti za maumivu ya kifua, huizuia kujikaza pale inapohitajika kujikaza. Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo huunyima moyo nafasi ya kuitikia. Daftari likionyesha kwamba presha hushuka mapema siku unazomeza dawa asubuhi na hutulia siku ulizochelewa kumeza, umepata ushahidi wa maana.

Suluhisho huwa ni kuhamishia baadhi ya dawa jioni au baada ya matibabu, na uamuzi huo ni wa daktari. Nasisitiza hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya dawa za moyo, hasa za kundi la atenololi na metoprololi, zikiachwa ghafla zinaweza kuuletea moyo madhara makubwa. Pili, dawa hazifanani mbele ya mashine: atenololi, metoprololi na lisinopuri huondolewa kwa sehemu kubwa na dialisisi, ilhali amlodipini na kavedilo haziondolewi, kwa hiyo mpango wa jirani yako hauwezi kuwa wako. Mtaje daktari pia dawa za nguvu za kiume kama sildenafili ikiwa unazitumia. Ni dawa zinazoshusha presha, na zikichanganywa na za naitreti ni hatari kubwa.

Kula ukiwa kwenye mashine

Baada ya mlo, mishipa ya tumbo hufunguka na damu nyingi huelekea kwenye utumbo. Mtu mzima wa afya halihisi hilo. Kwa mtu ambaye maji yanavutwa kwenye damu yake wakati huohuo, kinachobaki kwa moyo na ubongo kinaweza kisitoshe. Kama presha yako hushuka, kula vizuri saa mbili hivi kabla ya kuanza, na ukiwa kwenye kiti usile mlo mzito. Sisemi wote wakatazwe kula, kwani wapo waliokonda ambao kile kidogo wanachokula kituoni ni sehemu ya lishe yao na presha yao haijawahi kutikisika. Mwenye kisukari asibaki na njaa kwa kuogopa presha akaishia kushukiwa na sukari. Apange mlo na dozi ya insulini pamoja na muuguzi.

Joto na maji ya mashine

Ukiona mwenzako anaomba blanketi wakati wa dialisisi, huenda maji ya mashine yake, yaani yale yanayoosha damu ndani ya chujio, yamepozwa makusudi. Maji yanapoondolewa, mishipa ya ngozi hujikaza na joto hufungwa ndani ya mwili. Joto likizidi, mishipa hiyo hufunguka ghafla ili kulitoa, na presha huanguka. Maji ya mashine yakiwekwa kwenye nyuzijoto 37, wakati joto la wagonjwa wengi wa figo liko chini kidogo ya hapo, mwili unapashwa moto badala ya kupozwa. Kushusha hadi nyuzijoto 36 au 35.5 ni hatua rahisi isiyo na gharama, na inafaa kuombwa mapema. Baridi utaihisi, hilo nisikufiche, na kwa wengine linakera kiasi cha kuacha. Blanketi linasaidia, lakini mkono wenye fistula usifunikwe, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Mchanganyiko wa maji hayo nao una sehemu yake. Mpaka miaka ya 1980 vituo vingi duniani vilitumia asetati, ambayo ililegeza mishipa na kuangusha presha za wengi. Bikaboneti iliyochukua nafasi yake iliwaondolea wagonjwa mateso mengi. Siku hizi daktari anaweza kuangalia kiwango cha kalsiamu, kwa sababu kikiwa chini sana moyo husukuma kwa unyonge, na kiwango cha sodiamu. Sodiamu inastahili tahadhari. Ikipandishwa, presha hutulia kwenye kiti na kila mtu hufurahi, lakini mgonjwa huenda nyumbani na chumvi ya ziada, hupata kiu, hurudi amebeba maji zaidi, na kasi ya kuyavuta hupanda. Dripu ya chumvi inayotolewa kila siku ya matibabu hujenga mzunguko uleule, na ukiona unahitaji dripu karibu kila mara, basi chanzo hakijatafutwa.

Moyo na mishipa ya fahamu

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu inayoamuru mishipa ya damu ijikaze na moyo uongeze kasi. Dalili yake nyumbani ni kizunguzungu kila unaposimama. Uzee hufanya vivyo hivyo kwa kiasi fulani. Moyo uliotanuka, uliokuwa mnene kwa miaka ya presha ya kupanda, wenye vali mbovu au mapigo yasiyo na mpangilio, hauwezi kuvumilia damu ikipungua hata kidogo. Kwa hiyo presha inayoshuka mara kwa mara ni sababu tosha ya kupimwa moyo kwa altrasaundi, yaani eko, hata kama kifua hakiumi. Presha ambayo ilikuwa imetulia miezi mingi kisha ikaanza kushuka bila mabadiliko ya maji wala dawa humfanya daktari afikirie pia maji yaliyojikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo, na hilo ni jambo la kuchunguzwa siku hiyohiyo.

Upungufu wa damu na upungufu wa albumini, protini iliyomo kwenye damu, huongeza uzito wa mzigo huu. Albumini ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye nyama kuyarudisha mishipani, hivyo mtu mwenye lishe duni hujaziwa polepole hata akiwa amevimba. Kwa wale ambao hatua zote zimejaribiwa na mishipa yao bado haijikazi, kuna dawa iitwayo midodrini, inayomezwa muda mfupi kabla ya kuanza, ambayo daktari anaweza kuifikiria.

Vyanzo visivyongoja

Nilisema kuna dalili za kutajwa kwanza. Anayetumia katheta, yaani mrija wa kuunganishia mashine, ya shingoni au kifuani akianza kutetemeka kwa baridi na presha ikashuka, muda mfupi baada ya kuunganishwa, afikiriwe kuwa na maambukizi kwenye damu mpaka ithibitishwe vinginevyo; damu ichukuliwe kwa vipimo vya kuotesha vijidudu na dawa zianze bila kungoja majibu. Ukosefu wa homa haumwondolei mtu shaka hiyo, kwa sababu wagonjwa wa figo wengi hawapandi joto vizuri. Kuwashwa, kubanwa pumzi, joto kali mwilini na presha kuanguka ndani ya dakika za mwanzo huweza kuwa ni mwili kulikataa chujio au dawa iliyowekwa. Mashine husimamishwa mara moja na damu iliyoko kwenye mirija hairudishwi mwilini. Maumivu ya kifua huhitaji kipimo cha umeme wa moyo.

Kuvuja damu ndiko kunakonitia hofu kuliko yote. Damu hupita kwenye mirija kwa kasi ya takribani mililita 300 kwa dakika, na sindano ya kurudisha damu ikichomoka, lita nzima inaweza kumwagika katika dakika tatu na ushei, wakati mwingine bila mashine kupiga kengele. Chini ya blanketi hakuna anayeona. Ndiyo sababu mkono wenye fistula hubaki wazi muda wote, hata mgonjwa akisinzia, hata chumba kikiwa na baridi. Kumbuka pia kumwambia muuguzi kabla ya kuanza kama umepata choo cheusi kama lami au umetapika damu, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu kuganda inayowekwa kwenye mashine itaongeza uvujaji wa tumboni.

Kabla ya kuondoka na baada ya kufika nyumbani

Usisimame ghafla. Kaa kwanza miguu ikiwa chini kwa dakika chache, upimwe presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi unaposimama, rudi ukae mpaka itulie. Kama presha yako ilishuka siku hiyo, usiendeshe gari wala usiondoke peke yako.

Kisha fungua daftari uandike jambo moja ambalo kituo hakiwezi kukuandikia: ilikuchukua muda gani mpaka ukajihisi uko sawa, iwe ni saa moja, iwe ni mpaka alfajiri, iwe ni siku nzima. Ukimwonyesha daktari kwamba kwa wiki tatu mfululizo unarudiwa na nguvu kesho yake mchana, atakuwa na sababu ya kuupima upya uzito wako mkavu na kasi ya kuondolewa maji, hata kama kwenye fomu za kituo hakuna siku hata moja presha ilipoandikwa kuwa imeshuka.